Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na Tabora nimekaa mwaka wa thelathini na mbili sasa. Nasema mapema ili mtu asije akadai sikujitambulisha. Mume wangu alikuja huku na kazi ya reli, mimi nikaja na mume, mume akafa, nimebaki mtaa wa Chemchem na sufuria zangu. Nauza chakula kwenye geti la yadi ya malori ya Masolwa, nje kidogo ya mji, barabara ya Urambo. Ukisikia watu wanacheka getini saa tano asubuhi, ujue Hafsa kampata mtu wa kumsema.

Na watu wa kuwasema hapa sikosi, maana Wanyamwezi na Wasukuma ni watani zangu. Babu zao walipita kwetu na mizigo vichwani wakienda pwani, wakafika hoi, wakapewa maji na matusi juu yake, nao wakarudisha matusi, na ndivyo tulivyo mpaka leo. Mtani hanuni. Akikuvua kofia unacheka. Akija msibani kwako yeye ndiye mwenye amri, anakamata kuku bila kuomba, analia kwa dhihaka wakati wewe unalia kwa kweli, na hakuna wa kumfukuza. Ukimfukuza mtani, aibu ni yako mpaka kwa wajukuu.

Mtani wangu wa kwanza ni Jilala, dereva wa Masolwa, Mnyamwezi wa Ipole kule Sikonge. Siku tunamzika mume wangu, jeneza la msikiti lililetwa uani kwangu likiwa tupu, na kabla maiti haijatolewa ndani, Jilala akaingia akalala chali, mikono kifuani. Akasema hatoki mpaka Wazaramo wakiri mbele ya watu kwamba nazi ni uvivu wa mapishi. Shehe alikunja uso kama kalamba limau. Mimi tangu jana yake sikuwa nimefungua mdomo hata kwa maji. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakapata njia, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza, na huyo Mnyamwezi akatoka, akajipangusa, akaenda kubeba upande wa kichwa. Nilipomaliza eda nilimwambia, "Mimi sina mtoto. Nikifa, mwenye msiba wangu ni wewe, usije ukanikosea." Akasema hawezi kunikosea, mradi nisife siku ya kupakia mzigo.

Sasa ndiyo mjue kwa nini nilifanya nilichofanya.

Jilala alipeleka mchele Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mapigano kule tulikuwa tunayasikia redioni miezi mingi, leo kijiji hiki, kesho kile. Wiki ile yakaufikia mji aliokuwa anashushia. Jumanne asubuhi jirani yangu Bi Zeyana akaja na simu mkononi. Yeye ni wa zile familia za Waarabu wa mjini, ana ndugu Maskati, na matangazo ya namna hii ameyazoea tangu huko Uarabuni nako kulipochafuka. Akanisomea lile la ubalozi wetu, polepole, kama anasomesha chuoni.

Raia wote wa Tanzania waliopo katika mji ule wakusanyike kwenye viwanja vya parokia, karibu na soko kuu, kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi. Mabasi yatawavusha mpaka. Kila mtu abebe pasi yake, maji, na dawa anazotumia. Wasitembee baada ya jua kuchwa, wasipige picha askari wa upande wowote. Magari na mizigo viachwe. Baada ya hapo msaada hautahakikishwa. Ndugu walioko nyumbani wanaombwa kuwahimiza jamaa zao.

"Hilo la mwisho linakuhusu," Bi Zeyana akasema.

Nikapiga simu. Ikaita sana ndipo ikapokelewa.

"Shikamoo, Mzaramo."

"Marahaba. Umesoma tangazo?"

"Nimesoma."

"Uko parokiani?"

"Niko chini ya gari." Akacheka, lakini nyuma yake nilisikia mlio, halafu mwingine, mizito, kama mtu anaangusha magunia juu ya bati. "Usiogope, ni mbali kidogo. Bosi kasema nisiache gari. Kasema atakayeacha gari asirudi yadi, na kesi atamfungulia."

Mjue, hayo hayakuwa maneno ya kutisha mtoto. Mwaka jana dereva mwenzao, Ferdinandi wa Ulyankulu, alikimbia lori porini baada ya kuwaona majambazi, na Masolwa akamshitaki kwamba amekula njama nao. Miezi miwili ndani. Alipotoka hana hatia, mke kashauza baiskeli na mbuzi. Sasa yuko kwao analima tumbaku, na ukimtajia lori anatema mate. Jilala ana mama Ipole ambaye hana mwingine. Alikuwa anaiogopa kesi kuliko bomu, na mimi nilimwelewa, na kule kumwelewa ndiko kulikonipandisha hasira.

"Nisikilize, mpagazi wewe," nikamwambia. "Hao babu zako walibeba mizigo kutoka hapa mpaka kwetu. Wakikuta vita njiani walikuwa wanafanya nini?"

"Wanatua mzigo, wanaingia porini."

"Basi wewe umejifunza wapi kufia mzigo wa mtu?"

Akasema chaji inaisha, atakuwa anaiwasha simu mara chache, akakata.

Nikavua aproni, nikaenda ofisini kwa Masolwa. Ni Msukuma wa Lusu, mtu mkubwa, mwenye sauti ndogo. Sitaki mumwone shetani. Hata siku ile alinikaribisha kiti. Nikamwambia, "Mpigie Jilala umwambie aache gari."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote." Akaegemea meza. "Mama Hafsa, lile gari unaliona gari. Mimi naona ng'ombe wa baba yangu. Zizi zima liliuzwa kulinunua, mzee akabaki anaangalia miti mitupu ya boma mpaka alipokufa. Nikimwambia mtu aliache, kesho wamelichoma. Vita hivi vinapoa, vimepoa mara ngapi? Na tangazo limeandikwa na watu wasio na gari."

"Na Jilala?"

"Jilala ni mwanamume. Atajificha."

Nilimtazama nikaona kwamba kweli anaamini anachosema. Mtu wa hivyo humwezi kwa kumsihi, na mimi kusihi sijui. Nikamwambia, "Masolwa, wewe ni mtani wangu?"

"Tangu babu na babu."

"Haya. Usije ukanuna."

Nikarudi Chemchem. Nikajifunga kanga mbili kiunoni, nikatoa mikeka yangu na ya Bi Zeyana, sufuria kubwa la msibani, na kuni. Bi Zeyana akauliza nani kafa. Nilipomweleza akashika kichwa, akasema kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, Mungu apishe mbali. Kisha akaenda ndani akaniletea birika lake la kahawa.

Adhuhuri ile nilitandika mikeka katikati ya geti la Masolwa, gari lisiingie wala kutoka. Nikawasha moto wa msiba. Kiti chake cha ofisini nilikwenda kukinyakua mwenyewe, maana ni haki ya mtani, nikakaa juu yake nikaanza kulia.

"Jilala weee. Jilala mla matobolwa, viazi vikavu vya kwenu. Umekwenda na njaa yako, nani atamaliza ukoko wangu? Jilala uliyelala kwenye jeneza la mume wangu, leo la kwako umelikosa hata la kujaribia."

Madereva walitoka mbio. Walipogundua ni utani wakaanguka kwa kicheko, wakakaa, wakaitikia. Masolwa naye akasimama mlangoni, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akasema Wazaramo tukikosa ngoma tunatafuta msiba. Nikaendelea. Wakaja wenye mizigo yao, wafanyabiashara wa mjini na wa Urambo, wakaona mikeka na moto, wakavua kofia. Wakamwendea Masolwa kumpa mkono, pole sana bosi, kazi ya Mungu. Halafu wakaja kwangu.

"Amefia wapi, mama?"

"Chini ya lori la Masolwa, Kongo."

"Lini?"

"Keshokutwa, saa sita mchana."

Wa kwanza alicheka. Wa pili alicheka kidogo. Wa tatu alisoma lile tangazo kwenye simu niliyomwonyesha, akamtazama Masolwa, akasema mzigo wake ataupeleka wiki ijayo kwa mtu mwingine. Hapo Masolwa akaacha kucheka. Hakunifukuza. Angenifukuzaje, na yeye ni Msukuma? Alipita pembeni ya mkeka wangu, kwa miguu, gari lake likiwa limefungiwa ndani.

Jumatano nilirudi alfajiri, nikachochea moto. Nilikuwa najiona mjanja, nisiseme uongo. Mpaka saa nne, nikasikia kilio kinatoka kituo cha mabasi ya Sikonge upande ule wa barabara, na kilio kile hakikuwa cha dhihaka.

Alikuwa Mwanne, mama yake Jilala. Yuko peku, kajifunga kaniki, mkononi ana galoni la asali ya kulisha waombolezaji. Abiria wa jana walipita Tabora wakaona matanga, wakaulizia jina, wakafika nalo Ipole. Utani wangu haukupanda basi pamoja nao, lilipanda jina peke yake. Yule mama alikuwa amelia njia nzima kutoka Ipole, kwenye kiti cha basi, katikati ya watu.

Niliinuka kwenye kile kiti cha Masolwa. "Dada Mwanne, yu hai. Ni mimi. Ni utani. Jana kanipokelea simu, yu hai."

Akaliweka galoni chini, akanizaba kofi.

"Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia," akasema. "Wewe ulianzaje bila mimi?"

Nilipiga magoti nikamshika miguu iliyojaa vumbi, nikamweleza yote, tangazo, parokia, gari, kesi, kesho saa sita. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza nilidhani atanipiga la pili. Badala yake akauliza, "Mwenye gari yuko wapi?"

Masolwa alikuwa tayari ametoka. "Shikamoo mama," akasema, akiinama.

Mwanne hakuitikia. Kwetu huku hata adui unamwitikia, hata mlevi wa njiani. Yeye alimwangalia tu, na lile shikamoo likabaki hewani halina pa kutua. "Marahaba yako ninayo," akasema mwishowe. "Nitakupa mwanangu akirudi. Asiporudi, nitakufa nayo."

Kisha akaja kwenye mkeka wangu, akakaa, akanyoosha miguu, akalia. Hakumsema mtu. Alikuwa anamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, kwa Kinyamwezi, na hakuna dereva aliyeitikia wala kutabasamu. Mimi nilitoa simu, nikarekodi. Wengine wataniona sina haya. Nilirekodi dakika mbili za mama akimlilia mwanawe, nikamtumia Jilala, na chini yake nikamwambia, "Huyu si mimi. Mimi nalia kwa mchezo. Huyu hajui mchezo." Ilikuwa saa nane.

Masolwa alikaa ndani mpaka saa kumi. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na simu alikuwa ameishika kama kitu kinachochoma. Akasimama mbele ya mkeka ili sote tumsikie, akarekodi ujumbe. "Jilala, ni mimi. Funga gari, chukua ufunguo, nenda parokiani. Hakuna kesi. Mungu ni shahidi, na hawa wote ni mashahidi." Akautuma. Tukaukodolea macho. Alama moja. Ya pili, ya kuonyesha umefika, haikuja. Simu ya Jilala ilikuwa imezimwa.

Alhamisi tulikuwa wote pale tangu asubuhi. Alama moja. Saa nne, alama moja. Saa sita ikafika, muadhini akaadhini, saa sita ikapita. Hakuna aliyeniomba niseme neno. Nilikuwa nimetangaza kifo cha mtu na saa yake, nikiwa juu ya kiti, nikichekesha watu, na sasa saa yenyewe imepita na hatujui kitu. Niliogopa nisivyowahi kuogopa. Moto ule, niuzime ionekane nimekata tamaa, au niuache ionekane ni msiba kweli? Bi Zeyana alikuwa amekuja, anavuta tasbihi, hakunikumbusha alilosema juu ya uchuro. Nikaanza kukunja mkeka mmoja, na Mwanne akaweka mkono juu yake.

"Uliutandika kwa kiburi," akasema. "Kaa nao kwa kiburi."

Tukakaa. Ijumaa tukakaa. Masolwa mwenyewe akaleta mchele na nyama, akapika pamoja na madereva, na geti lake akaliacha limefungwa na mikeka yetu. Kila alipopita alisema, "Shikamoo mama," na kila mara hakuitikiwa, na kila mara alirudia.

Jumamosi saa tano bajaji ilisimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mtu mwembamba, mwenye mfuko wa plastiki na shati lisilo lake. Akavuka. Akaangalia mikeka, moto, sufuria, mama yake, mimi.

"Nani kafa?" akauliza Jilala.

Mwanne aliinuka, akampapasa uso, masikio, mabega, mikono yote miwili, kidole kwa kidole, kama anahesabu kama vimerudi vyote. Kisha akamkalisha kwenye mkeka wa msiba wake, akamfungulia galoni, akamlambisha asali kwa kidole.

Masolwa akafika. Jilala akasimama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akampa kwa mikono miwili. "Nililiacha, bosi. Jumatano saa tisa. Kesi nitaijibu."

"Hukupata ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani? Niliwasha simu nikamsikia mama. Alipomaliza kulia mama, chaji ikaisha. Nikaondoka. Niliokutana nao mpakani wamesema Alhamisi jioni walilichoma, pamoja na mchele."

Kwa hiyo alitua mzigo bila ruhusa ya mtu. Alijua anakuja kwenye mahabusu, na bado alitembea mpaka parokiani. Nilitaka kuinuka nimpigie vigelegele. Lakini Masolwa alikuwa anaugeuzageuza ule ufunguo. Akashuka, mtu mzima yule, akakaa chini kwenye mkeka wangu, na safari hii hakuna aliyetania. Alikuwa anawalilia ng'ombe wa baba yake. Nikamsogezea nafasi, nikampa kahawa, nikamwambia pole, na niliisema kwa dhati. Msiba ni msiba.

"Haya," Mwanne akamwambia baada ya muda. "Nisalimie."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Jioni tukamaliza matanga kama inavyotakiwa, tukala, tukakunja mikeka. Jilala alinibebea sufuria mpaka Chemchem. Njiani akaniuliza kama kweli nilimlilia juu ya kiti cha bosi. Nikasema kweli. Akauliza kama nilitaja matobolwa. Nikasema nilianza nayo. Akacheka, halafu kicheko kikakatika, akasimama barabarani na sufuria kichwani, machozi yanamtoka na mikono haina nafasi ya kuyafuta.

Nikamfuta kwa ncha ya kanga. Nikamwambia, "Sikiliza, mpagazi. Siku yangu ikifika ole wako ulie hivi. Uingie kwenye jeneza, ulale chali, uwakatalie. Na safari hii usitoke upesi."